Malipo Hayana Msimu, Jua Lina: Lijue Jua la Kwenu Kabla ya Kununua Sola

Julai iliyopita tulipigiwa simu na mteja wetu mmoja wa Limuru. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, na nyumbani kwake kulikuwa giza. Januari alikuwa amenunua sola ya kulipia pole pole, shilingi 50 kila siku, na hakuwa ameruka hata siku moja. Taa nne, redio, televisheni ndogo na simu mbili za kuchaji. Januari hadi Machi vyote vilifanya kazi mpaka saa nne usiku bila shida. Sasa ilikuwa Julai, na kila jioni ikifika saa mbili hivi kila kitu kinazimika. Mtoto wake wa gredi ya tisa alikuwa anamalizia kazi ya shule kwa tochi ya simu.

Siku hiyo mama huyu alikuwa amelipa mara mbili.

"Nimetuma 50 asubuhi, jioni nikatuma 50 ingine, na bado ni giza. Pesa yangu imeenda wapi, mwanangu?"

Tuliangalia. Malipo yote mawili yalikuwa yamefika kwa muuzaji wake wa sola. "Mama, pesa yako haijapotea," tulimwambia. "Umeongezewa siku."

"Sasa hizo siku nitazifanyia nini bila taa?"

Hapo tulikosa jibu. Kazi yetu ni malipo. Mambo ya paneli na betri si yetu. Lakini kabla hajakata simu alitaja jambo lililotushtua. Mchana huo kuna mtu alikuwa amempigia akijiita fundi wa kampuni, akamwambia kifaa "kimefungwa", na kwamba akituma shilingi 600 kwa namba fulani ya simu kitafunguliwa. Alikuwa ameanza kutafuta hizo 600.

Tulimsihi asitume chochote. Wiki iliyofuata wawili wetu tukapanda matatu hadi Limuru, tukamtafuta fundi wa sola mwenye leseni, tukaenda naye hadi kwa mama. Fundi alipanda juu ya mabati, akapima paneli. Akashuka, akapima betri. Akaangalia nyaya zote, kisha akafunga mkoba wake.

"Hapa hakuna kitu kimeharibika," alisema. "Ni Julai tu."

Makala hii imetokana na hayo maneno matatu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba karibu nyumba moja kati ya kila tano nchini Kenya hutegemea sola kama mwanga wake mkuu. Wengi wetu tunainunua kwa malipo ya kila siku au kila wiki kupitia simu. Malipo hayo hayajui msimu: shilingi 50 ya Februari ni shilingi 50 ya Julai. Lakini jua lenyewe lina msimu, na msimu wa jua la Limuru si ule wa Lodwar wala wa Lamu. Usipolijua hilo kabla ya kulipa, utajikuta unalipia giza, au unamtumia tapeli pesa ukidhani unarudisha mwanga.

Mchana ni ule ule, mawingu ndiyo tofauti

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Kenya inapitiwa na mstari wa ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa haifiki hata robo saa. Ulaya wanapoteza jua wakati wa baridi kwa sababu siku zao zinakuwa fupi sana. Sisi siku zetu hazifupiki. Kinachotuibia jua ni mawingu.

Angalia rekodi za hali ya hewa za Dagoretti, hapa Nairobi. Januari, kwa wastani, jua huonekana wazi kwa zaidi ya saa 9 kwa siku. Julai na Agosti ni kama saa 4 tu. Mahali ni pale pale na mchana una urefu ule ule, lakini muda wa jua wazi unapungua zaidi ya nusu.

Mawingu haya yanatoka wapi? Waulize wavuvi wa Pwani. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo unaotoka upande wa kaskazini-mashariki, na huo ndio wakati wa joto na anga safi. Kisha upepo unageuka, unakuja kusi. Kusi hupita juu ya Bahari ya Hindi ikibeba hewa ya ubaridi yenye unyevu. Hewa hiyo ikifika bara hukutana na miinuko: vilima vya Machakos, miteremko ya Mlima Kenya, safu ya Aberdare. Inalazimika kupanda, na ikipanda inapoa, na ikipoa unyevu wake unageuka wingu la chini, jeupe-kijivu, lililotandazwa kama blanketi. Mvua kubwa hailetwi na wingu hilo. Linaleta manyunyu, baridi, na siku nzima ya kuuliza "hivi jua litatoka leo?"

Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, upande ule ule unaopokea upepo huo. Ndiyo maana majani ya chai yanapenda pale. Na ndiyo maana paneli ya mama yetu ilikuwa inapata shida.

Jua la jirani si lako

Kama umewahi kusafiri Julai kutoka Limuru kuteremka kuelekea Mai Mahiu, unajua tunachozungumzia. Juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, magari yamewasha taa na abiria wamevaa majaketi. Unateremka kona chache, ukungu unabaki nyuma, na chini kule jua linawaka bondeni. Ni mwendo mfupi tu kwa matatu. Wingu lililokwama mgongoni mwa mwinuko limeshindwa kushuka upande wa pili.

Sasa fikiria watu wawili wamenunua sola ile ile, kwa muuzaji yule yule, kwa malipo yale yale. Mmoja yuko Mai Mahiu, mwingine Limuru. Julai mmoja anaangalia taarifa ya saa tatu, mwingine amelala saa mbili kwa giza. Yule wa Limuru atasema ameuziwa kitu kibovu. Si kibovu. Ni kwamba hakuna aliyemuuliza anaishi wapi.

Kwa hiyo, kwa jumla, jua la Kenya liko hivi:

Nairobi, Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru. Miezi migumu ni Juni, Julai na Agosti. Mvua za Aprili na Mei, na za Novemba, nazo hupunguza jua, lakini mvua mara nyingi hunyesha kisha anga likafunguka. Wingu la Julai linakaa tu. Miezi mizuri ni Januari hadi katikati ya Machi.

Pwani. Wakati mgumu ni masika, hasa Mei, mvua inapokuwa nyingi kabisa. Kaskazi ikivuma, jua ni la kutosha na la kubaki.

Kisumu, Kakamega na sehemu za Magharibi. Huku shida ni ya saa zaidi ya miezi. Asubuhi jua ni zuri, kisha mchana mawingu yanajengeka na alasiri inanyesha kwa radi. Paneli inayozibwa na mti au ukuta upande wa mashariki inapoteza saa zile bora za siku.

Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera na Garissa. Huku jua ni kali karibu mwaka mzima. Si bahati kwamba kituo kikubwa cha sola cha serikali, chenye uwezo wa megawati 50 hivi na kilichozinduliwa Desemba 2019, kilijengwa Garissa. Adui wa paneli huku ni vumbi na joto. Paneli inapenda mwanga lakini haipendi joto: kwa kila nyuzi moja juu ya 25 hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake. Ndiyo sababu fundi mzuri huacha nafasi kati ya paneli na mabati ili hewa ipite chini yake.

Hesabu ya Februari na hesabu ya Julai

Kwa wastani wa mwaka, sehemu nyingi za Kenya hupata kilowati-saa 4 hadi 6 za jua kwa kila mita mraba kwa siku. Usiogope hilo neno. Maana yake ni kwamba jua lote la siku, la asubuhi dhaifu na la mchana kali, likikusanywa pamoja ni sawa na saa 4 hadi 6 za jua kali la utosini. Mafundi huziita saa za jua kamili. Usizichanganye na saa za jua kuonekana wazi tulizotaja za Dagoretti. Hata chini ya wingu paneli hupata mwanga kiasi, na hata jua likiwa wazi saa moja asubuhi bado ni hafifu.

Sasa tuchukue mfano wa nyumba kama ya mama wa Limuru:

Taa 4 za wati 3, kwa saa 5: wati-saa 60.
Simu 2 za kuchaji: kama wati-saa 30.
Redio ya wati 5, kwa saa 6: wati-saa 30.
Televisheni ndogo ya wati 15, kwa saa 4: wati-saa 60.

Jumla ni wati-saa 180 kwa siku.

Paneli ni ya wati 50. Tuseme Februari anapata saa 6 za jua kamili: 50 mara 6 ni 300. Toa robo kwa ajili ya yanayopotea kwenye nyaya, betri, joto na vumbi, unabaki na 225. Anahitaji 180. Kuna ziada, na betri inalala imeshiba.

Tuseme Julai anapata saa 4: 50 mara 4 ni 200, toa robo, unabaki na 150. Pengo ni wati-saa 30. Unaweza kusema 30 ni kidogo. Lakini linajirudia kila siku. Leo betri inalala na njaa kidogo, kesho inaanza ikiwa na deni. Ikija siku ya ukungu mzito yenye saa 2 tu za jua kamili, paneli inaleta 75. Hiyo haitoshi hata taa na simu peke yake, ambazo zinahitaji 90.

Ona sasa mahali shida ilipoanzia. Mama alinunua Januari. Muuzaji alimwonyesha kifaa kinavyofanya kazi Januari. Kila kitu alichoambiwa kilikuwa kweli, kwa Januari.

Kanuni ni hii: usinunue sola kwa jua la mwezi mzuri, nunua kwa jua la mwezi mbaya. Kwa mfano wetu, paneli ya wati 80 ingeleta wati-saa 240 kwa siku ya kawaida ya Julai, na 120 kwa siku ya ukungu mzito. Siku hiyo mbaya ungekosa televisheni na kupunguza redio, lakini taa zingewaka na simu zingejaa.

Pesa nayo ina Julai yake

Kuna kitu mama alitueleza tukiwa jikoni kwake, tukinywa chai ya maziwa yenye moto wa kutosha. Yeye huchuma majani ya chai. Baridi ikizidi, chai hukua pole pole, kilo zinapungua, na pesa ya mwezi inapungua. Kwa hiyo miezi ile ile ambayo jua linampa kidogo ndiyo miezi shamba linampa kidogo pia, huku malipo ya sola yako pale pale: siku 31 za Julai mara shilingi 50 ni shilingi 1,550.

Ukikosa kulipa, kifaa kinajifunga. Kwa hiyo Julai unaweza kukosa mwanga kwa sababu mbili tofauti kwa wakati mmoja: jua halikutosha, au siku zimekwisha. Na ukiwa gizani, zote mbili zinafanana.

Dawa ya hili ni kuanza mapema. Akiba haiozi. Ukiweka kando shilingi 10 kila siku kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi, siku 90, utakuwa na shilingi 900. Hizo ni siku 18 za malipo ya Julai tayari zimelipwa. Kama unauza mboga sokoni, unaendesha boda au unachuma chai, tazama mwaka wako uliopita na ujiulize: mwezi gani pesa ilikuwa ngumu? Akiba yako ya sola ni ya mwezi huo. Tenga kwenye akaunti ya akiba ya simu yako, kando na pesa ya matumizi, maana iliyo pamoja na pesa ya unga huliwa na unga.

Neno moja la tahadhari: kulipia siku nyingi mbele kunakulinda usifungiwe, lakini hakuongezi jua. Mama alipotuma shilingi 50 ya pili jioni ile, alinunua siku. Alichokuwa amekosa ni mwanga wa mchana, na huo hauuzwi kwa simu.

Kifaa kimezimika. Uliza haya kabla ya kutuma pesa

Moja: siku zako zimebaki ngapi? Angalia kwenye kioo cha kifaa, kwenye SMS ya malipo ya mwisho, au piga namba ya muuzaji iliyo kwenye mkataba wako. Kama siku zimekwisha, tatizo ni malipo. Lipa, subiri tokeni au uthibitisho, washa.

Mbili: kama siku zipo, betri ikoje? Kifaa kingi kina alama ya betri. Ikiwa imeshuka chini kabisa, tatizo ni jua au matumizi. Kesho zima kila kitu mchana kutwa, uache paneli ishibishe betri, kisha jioni washa taa peke yake. Zikiwaka vizuri, kifaa chako ni kizima. Usitume pesa.

Tatu: kama siku zipo na betri inaonyesha imejaa, lakini hakuna kinachowaka, hapo kuna hitilafu. Mpigie muuzaji na uulizie waranti. Usimruhusu mtu kufungua kifaa mtaani, maana waranti nyingi hufa siku hiyo hiyo.

Nne: mtu akikupigia kabla wewe hujampigia, akidai pesa ya "kufungua", kata simu. Malipo ya sola huenda kwa namba ya biashara ya muuzaji ile ile uliyopewa siku ya kwanza, na hayaendi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kabla hujaweka namba yako ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama si jina la muuzaji wako, rudi nyuma. Na namba ya siri ni yako peke yako. Hata sisi hatutakuuliza.

Matapeli wanajua kalenda ya jua kutuliko. Wanajua kwamba mtu aliye gizani Julai hatauliza maswali mengi.

Maswali ya kumuuliza muuzaji kabla ya malipo ya kwanza

"Paneli hii italeta nini Julai hapa kwetu?" Asipojua mwezi mgumu wa eneo lako, huyo anauza sanduku tu. Unaweza pia kujitazamia mwenyewe: ramani ya Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia ni ya bure kwenye intaneti, unagusa mahali unapoishi inakuonyesha kiasi cha jua. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya nayo hutoa utabiri wa msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti.

"Bei ya kulipa mara moja ni ngapi, na nikilipa pole pole jumla inafika ngapi?" Fanya hesabu yote hadi shilingi ya mwisho. Shilingi 50 kwa siku inasikika ndogo. Kwa mwaka mmoja ni shilingi 18,250, bado hujahesabu malipo ya kwanza.

"Nikikosa siku kadhaa kunatokea nini?" Je, deni linasogezwa mbele tu, au kuna faini? Baada ya siku ngapi wanakuja kuchukua kifaa?

"Naweza kuongeza paneli baadaye?" Vifaa vingine vinakubali, vingine havikubali. Kwa watu wa nyanda za juu swali hili ni muhimu kuliko ukubwa wa televisheni.

"Fundi atakayefunga ana leseni ya EPRA?" Mwombe akuonyeshe. Ni haki yako.

Tulichofanya Limuru

Turudi kwa mama. Fundi alipomaliza kupima alituita nje, akatuonyesha kivuli. Mti wa avokado ulio nyuma ya nyumba ulikuwa unatupa tawi moja juu ya kona ya paneli kuanzia saa nane mchana. Tawi moja tu. Lakini seli za paneli zimefungwa kwa mfululizo, kama watu wanaopokezana ndoo za maji: mmoja akilegea, mstari wote unalegea. Kivuli kidogo kinakula zaidi ya ukubwa wake.

Tena paneli ilikuwa imeelekezwa kusini. Januari hilo halikuonekana, kwa sababu wakati huo jua la mchana linapita upande wa kusini. Juni na Julai jua linahamia kaskazini. Kwa sehemu zilizo karibu na ikweta ambazo mwezi wao mgumu ni Julai, kama Limuru, ni afadhali paneli itazame kaskazini kwa mwinamo mdogo tu, nyuzi 10 hadi 15, unaotosha pia mvua kuosha vumbi.

Fundi aliihamisha paneli, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji. Mtoto akapanda mti na panga, akakata tawi. Mama akatuangalia kwa shaka kidogo.

"Sasa itawaka kama Januari?"

Fundi hakumdanganya. "Hapana, mama. Jua la Januari liko Januari. Lakini taa za mtoto utapata."

Walikubaliana hivi: siku za ukungu televisheni inapumzika, simu zinachajiwa mchana paneli ikiwa inafanya kazi, na taa ya mezani ya mtoto inapewa nafasi ya kwanza. Zile shilingi 50 za ziada alizotuma ziliendelea kuhesabiwa kama siku, kwa hiyo hazikupotea. Na zile 600 ambazo zingeenda kwa tapeli aliziweka kwenye akiba ya simu, zikawa mwanzo wa pesa ya kuongeza paneli kabla ya Juni nyingine.

Mwisho wa Julai alitupigia tena, safari hii saa tatu na nusu usiku. Tulidhani kuna shida nyingine.

"Hakuna shida," alisema. "Mtoto anasoma. Televisheni nimeizima. Nilitaka tu mjue."

Kwa hiyo, kabla hujalipa malipo ya kwanza ya sola, au kama tayari unalipa, toka nje leo mchana. Tazama paneli inaelekea wapi na kivuli kinaanguka wapi. Kisha muulize mtu aliyeishi hapo miaka mingi kukuzidi: jua la hapa hupotea mwezi gani? Andika huo mwezi kwenye kalenda, na uanze kuuwekea akiba sasa, hata kama ni shilingi 10 kwa siku. Dalili ya mvua ni mawingu. Na mawingu ya Julai, watu wa Limuru wanayajua tangu Januari.